Maswali ya Wasomaji: Mbaazi, Kiporo na Mwani Vinapofika Utumbo Mpana

SWALI: Assalaam alaykum, ndugu mwandishi. Mimi ni mama wa miaka 57, mkaazi wa Langoni, Lamu, na riziki yangu kwa miaka mingi imekuwa mahamri na mbaazi za nazi ninazouza asubuhi. Mjukuu wangu aliye kidato cha tatu amenieleza kuwa zimo sukari katika mbaazi ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya, na kwamba kazi hiyo hufanywa na bakteria waishio tumboni. Nilishangaa, kwa sababu siku zote nilijua bakteria ni maradhi. Naomba unieleze kama maneno hayo ni ya kweli na bakteria hao wanafanyaje kazi hiyo. Pia nataka kujua kwa nini baadhi ya wateja wangu hulalamikia riyahi ilhali wengine hula mbaazi kila siku bila taabu. Na kama mwili wenyewe hauziwezi sukari hizo, tuna faida gani kuzila?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Mjukuu wako amesema kweli, na maswali yako yamepangika vizuri kiasi kwamba nitayafuata karibu kwa mpango wako mwenyewe, nikiiacha riyahi mwisho, isipokuwa nitaanza na hamri kabla ya mbaazi, kwa sababu vyakula hivyo viwili vinavyokaa sahani moja huachana njia vikishamezwa.

Unga wa ngano uliomo katika hamri ni wanga kwa sehemu kubwa. Wanga ni mnyororo mrefu wa chembe za sukari iitwayo glukosi, na chembe hizo zimefungwa pamoja kwa fundo la aina moja ambalo wanakemia huliita fundo la alfa. Mate yetu yana kimeng'enya kiitwacho amilesi ambacho hufungua fundo hilo, na kongosho humimina amilesi nyingine nyingi zaidi mara chakula kinapotoka tumboni na kuingia utumbo mwembamba. Kwa hiyo, kabla ya hamri kumaliza safari ya utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, karibu wanga wake wote umekwisha kuwa glukosi na kuingia katika damu.

Mbaazi nazo zina wanga, na zina protini ambayo mwili huipokea kwa furaha. Lakini zina pia sukari za jamii ya rafinosi na stakiosi. Rafinosi ni sukari ya kawaida, ile ile tunayotia katika chai, iliyofungiwa chembe moja zaidi iitwayo galaktosi. Stakiosi imefungiwa chembe mbili za galaktosi. Fundo linaloshika galaktosi hapo linahitaji kimeng'enya kiitwacho alfagalaktosidesi, na utumbo mwembamba wa binadamu haukitengenezi. Tena, ganda la mbaazi na kuta za seli zake zimejengwa kwa selulosi, pektini na minyororo mingine migumu. Selulosi inanistaajabisha kila ninapoifikiria, kwa sababu ni glukosi tupu, sawasawa na wanga, ila chembe zake zimefungwa kwa fundo la beta badala ya alfa. Tofauti hiyo ndogo ya namna ya kufunga ndiyo inayotenganisha chakula kinachoingia katika damu na kile kinachopita kama kilivyo, kwa maana kimeng'enya hujua fundo lake na hakigusi jingine. Vimeng'enya ambavyo mwili wa binadamu hutengeneza kwa ajili ya kufungua mafundo ya sukari za chakula havifiki 20, na mimea ina mafundo ya namna nyingi kuliko hizo kwa mbali.

Sasa niruhusu nikupeleke ufuoni. Bila shaka umeona makumbi ya nazi yakizikwa katika tope la pwani na kuachwa humo miezi kadhaa, kisha yakafukuliwa, yakapondwa na kutoa usumba wa kusokota kamba. Makumbi mabichi hayapondeki vizuri, kwa sababu nyuzi zake zimegandamana kwa gundi ya asili, na sehemu kubwa ya gundi hiyo ni pektini na jamaa zake. Ndani ya tope wamo bakteria ambao hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha gundi hiyo, na muda wote ambao makumbi yamezikwa, wao wako kazini wakila. Kamba zilizoshona mitepe ya visiwa vyetu, vile vyombo vya kale visivyopigiliwa misumari, zilipitia mikononi mwa bakteria kabla ya kufika mikononi mwa mafundi. Utumbo wetu mpana hufanana na tope hilo kwa jambo moja kubwa: hauna hewa ya oksijeni, au inayo kidogo mno, na viumbe wanaoishi humo hujipatia riziki kwa kuvunja vile ambavyo sisi tumeshindwa navyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitaja bakteria wapatao trilioni 38 katika mwili wa mtu mzima mmoja, wengi wao wakiwa katika utumbo mpana.

Kuhusu namna wanavyofanya kazi, tuna bahati kwamba mmoja wao amechunguzwa kwa kina. Jina lake la kisayansi ni Bacteroides thetaiotaomicron, na orodha nzima ya jeni zake ilichapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 2003. Ndani ya kiumbe huyu asiyeonekana kwa macho yamekutwa maagizo ya kutengeneza vimeng'enya zaidi ya 250 vya kukata minyororo ya sukari. Weka hesabu hiyo kando ya zile zetu zisizofika 20, nawe utaona kwa nini mwili umemwachia kazi.

Mtu aliyetufungulia mlango wa jambo hili alikuwa mtafiti Abigail Salyers wa Chuo Kikuu cha Illinois. Kabla yake ilidhaniwa kwamba bakteria hawa humwaga vimeng'enya vyao nje, vikakata chakula popote kilipo, kisha kila mmoja akaokota anachoweza. Salyers na wenzake walionyesha kuwa Bacteroides hafanyi hivyo. Kwanza hushika mnyororo wa wanga na kuubana kwenye ngozi yake ya nje kwa protini maalumu. Kimeng'enya kilichokaa hapo hapo juu ya ngozi huukata vipande vya kadiri. Vipande hivyo hupitishwa katika mfereji wenye kifuniko, ambacho hufunguka kupokea na kujifunga tena kikisha kupokea, na baada ya kuingia ndani hukutana na vimeng'enya vingine vinavyovimaliza hadi vikawa chembe moja moja za glukosi. Kwa mpango huo sehemu kubwa ya ukataji hufanyika ndani ya nyumba yake, mahali ambapo jirani hawezi kunyakua.

Mahamri yako nayo yamo katika habari hii. Mwaka 2015 watafiti walieleza jinsi Bacteroides huyu anavyokula sukari za ukuta wa seli za hamira, ile inayoumua mahamri: juu ya ngozi hukata mapande makubwa tu, na kazi yote ya kuyachambua huifanyia ndani, hata majirani wasipate kitu. Sukari nyingine, kinyume chake, humponyoka vipande vingi, na bakteria wasio na vimeng'enya vya kukata mnyororo mzima huishi kwa vipande hivyo.

Jeni za kazi hii zimepangwa kwa vikundi, na kila kikundi kina shabaha yake: kimoja cha wanga, kingine cha aina fulani ya pektini, kingine cha sukari za ute wa utumbo. Bacteroides tunayemzungumzia ana vikundi vya namna hiyo vipatavyo 88. Haviwashi vyote kwa pamoja, kwa sababu kutengeneza vimeng'enya kunagharimu nguvu. Huwa na protini za kuonja, ambazo zikikutana na kipande kidogo cha sukari fulani hupeleka habari kwenye jeni, na kikundi kinachohusika huanza kazi. Kwa hiyo siku uliyokula mbaazi na siku uliyokula wali mtupu, bakteria yule yule hushika zana tofauti.

Mfano wa mwisho wa ustadi wao, kwa maana siwezi kuupita. Katika pektini ya mboga na matunda umo mnyororo uitwao ramnogalakturonani ya pili, wenye sukari za aina 13 zilizoshikana kwa mafundo ya namna 21. Haujulikani mnyororo wa sukari uliotatanishwa zaidi ya huo. Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwemo wale wa Newcastle nchini Uingereza, lilionyesha kuwa Bacteroides hufungua mafundo yake yote isipokuwa moja.

Sasa faida. Bakteria wakishapata chembe za sukari huzichachusha, na mabaki ya uchachushaji huo ni asidi fupi tatu ambazo ni asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, propioniki na butiriki. Sisi ndio tunaozichukua mabaki hayo. Butiriki huliwa na seli zenyewe zinazofunika ukuta wa utumbo mpana, na inakisiwa kuwa hupata humo kama asilimia 70 ya nguvu zao. Asetiki na propioniki huenda zaidi kwenye ini na sehemu nyingine za mwili. Kwa mtu anayekula nyuzinyuzi za kutosha, yaani selulosi, pektini na minyororo mingine tusiyoiweza, asidi hizi huweza kumpa hadi asilimia 10 hivi ya nguvu anazotumia kwa siku. Mara nyingi anayetengeneza butiriki si yule aliyekata mnyororo. Mmoja hukata na kutoa asetiki, na mwingine, kama Faecalibacterium prausnitzii, huipokea na kuigeuza.

Faida hii ilinusiwa huku kwetu Afrika Mashariki kabla haijaelezwa kikamilifu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alifanya kazi Uganda, na Hugh Trowell alitibu watu Kenya na Uganda kwa miaka mingi, na wote wawili walishangazwa na uchache wa maradhi ya utumbo mpana miongoni mwa wagonjwa wao wa vijijini waliokula nafaka zisizokobolewa, kunde na viazi, ukilinganisha na Uingereza. Katika miaka ya 1970 waliandika sana kuhusu nyuzinyuzi. Wakati huo wengi walizichukulia kama ufagio wa kusukuma choo, na ni kweli kwamba husukuma, lakini sasa tunajua pia kwamba ni posho ya kundi zima la viumbe. Posho hiyo ikikatwa, kundi hutafuta pengine pa kula. Katika jaribio la panya lililochapishwa mwaka 2016, panya walionyimwa nyuzinyuzi walikutwa na ute wa utumbo uliopungua, kwa sababu bakteria waligeukia sukari za ute huo unaolinda ukuta.

Ulisema ulijua bakteria ni maradhi, nawe hukukosea moja kwa moja. Wapo waletao maradhi, na hata hawa Bacteroides, utumbo ukitoboka wakamwagika ndani ya fumbatio, huleta usaha na hatari kubwa. Usalama wao uko katika kukaa mahali pao.

Nakuja kwenye riyahi. Rafinosi na stakiosi ni minyororo mifupi inayoyeyuka katika maji, kwa hiyo bakteria huirukia kwa pamoja na kuichachusha kwa haraka, na hewa ya haidrojeni na kaboni dioksidi hutoka kwa wingi katika muda mfupi. Baadhi ya watu wana kiumbe mwingine, Methanobrevibacter smithii, ambaye huunganisha haidrojeni na kaboni dioksidi na kutoa methani, na katika kazi hiyo sehemu 5 za hewa hugeuka sehemu 1. Utaona basi kwamba wateja wawili wakila bakuli sawa, wanaweza kutoka mezani kwako na hali tofauti kulingana na wakaazi wa matumbo yao. Mazoea pia yana nafasi kubwa. Watu walioanza kula maharagwe kila siku katika majaribio walilalamika zaidi wiki ya kwanza, na malalamiko yakapungua kadiri wiki zilivyopita. Mgeni aliyeshuka jana kutoka kwenye mlo wa mkate mweupe na chipsi, akakutana na mbaazi zako leo, hajapata muda huo.

Waweza kumsaidia. Roweka mbaazi usiku kucha na umwage maji ya kurowekea, kisha uzichemshe kwa maji mapya, kwa kuwa sehemu ya sukari hizo huyeyuka na kwenda na maji. Zipike hadi ziive kabisa. Mwambie aanze na vijiko viwili vitatu. Lakini anayeumwa na tumbo kwa siku nyingi, anayepungua uzito bila sababu au anayeona damu chooni asiilaumu mbaazi, aende hospitali.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, kwetu ni Mkomani. Nimesikia kwamba wali wa kiporo una faida ya nyuzinyuzi kuliko wali wa moto. Inawezekanaje ilhali mchele ni ule ule?

JIBU: Inawezekana, ingawa faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Mchele ukipikwa, punje za wanga hufura maji na minyororo yake hulegea, na amilesi huipata kwa urahisi. Wali ukipoa, baadhi ya minyororo, hasa ile iliyonyooka, hulala ubavu kwa ubavu na kushikamana tena kwa nguvu, hata amilesi ikakosa pa kupenya. Fundo bado ni la alfa tunaloliweza, lakini limefichwa. Wanga wa namna hiyo huitwa wanga sugu, na hufika utumbo mpana pamoja na nyuzinyuzi. Ukipasha moto, sehemu yake hubaki. Sima, muhogo na viazi vilivyopoa huwa hivyo hivyo, na ndizi mbichi ina wanga sugu wake wa kuzaliwa.

Huko utumbo mpana anayejua kuufichua ni Ruminococcus bromii. Huyu huvipanga vimeng'enya vyake juu ya protini zinazovishika pamoja kama zana kwenye ubao mmoja, vikashambulia punje kwa pamoja. Watafiti wa Aberdeen, Scotland, walieleza mwaka 2012 kuwa bakteria wengine wanaokula wanga walishindwa kuumaliza wanga sugu peke yao, lakini walifanikiwa zaidi alipoongezwa huyu. Kwa hiyo kiporo kile kile humnufaisha mtu mmoja zaidi ya mwenzake.

Wenye kisukari wasichukue habari hii kama ruhusa ya kujaza sahani, kwa maana wanga ulio mwingi katika kiporo bado ni wa kawaida. Na joto la Lamu linadai tahadhari. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa sufuriani usiku kucha huchipuka na kutoa sumu ambayo haiondoki kwa kupashwa moto. Utandaze wali upoe haraka na uutie katika friji; usipokuwa na friji, pika wa kutosha mlo mmoja.

SWALI: Hapa Faza bahari imetuzunguka na mwani tunaukanyaga kila siku. Nasikia Wajapani huula, na Kwale na Unguja akina mama huulima. Je, tumbo la Mswahili litaweza kuumeng'enya?

JIBU: Swali lako limenifurahisha, kwa sababu linagusa ugunduzi ninaoupenda kuliko mwingine wowote katika elimu hii. Mwani una sukari ambazo mimea ya nchi kavu haina, nyingi zikiwa zimebeba chembe za salfa, na vimeng'enya vya kukata mbaazi havizijui. Mwaka 2010 watafiti wa Roscoff, mji wa pwani nchini Ufaransa, walikuwa wakichunguza bakteria wa baharini, Zobellia galactanivorans, anayeishi kwa kula mwani mwekundu. Walipata kimeng'enya chake cha kukata pofirani, ambayo ni sukari ya mwani ule ambao Wajapani hufungia wali. Walipotafuta jeni kama hiyo kwingineko, waliikuta karibu daima kwa viumbe wa bahari, isipokuwa pahala pamoja: ndani ya Bacteroides plebeius, bakteria wa utumbo wa Wajapani. Kwa watu wa Amerika Kaskazini waliolinganishwa nao haikuonekana.

Maelezo yao ni kwamba mwani ulipoliwa, bakteria wa bahari waliokuwa juu yake walipita tumboni, na bakteria wa utumbo akachukua jeni kutoka kwao. Bakteria huweza kupeana jeni bila kuzaana. Tangu hapo mlaji wa mwani akawa na mkataji wake.

Tumbo lako wewe, ambalo wazee wake hawakuula mwani, huenda halina mkataji huyo. Hata angekuwepo, mwani unaolimwa Kwale na Unguja una sukari nyingine, karajinani, yenye mafundo yake tofauti na yale ya pofirani. Kwa hiyo ukiula, utapata madini na protini kidogo, na sehemu kubwa ya sukari zake itapita bila kuguswa, jambo ambalo halina madhara kwa mlo wa kiasi. Usiokote kila unaoukanyaga karibu na mifereji ya maji machafu, ukoshe vizuri, na kama una tatizo la tezi ya shingo muulize daktari kwanza, kwa sababu mwani huwa na madini mengi ya joto, yaani aidini.